Sauti ya Pili Peke Yake

Mama mkwe wangu alikuwa mpiga pasi. Nalisema hili mapema kwa sababu wako watu wa ukoo wetu, waliosomeshwa kwa jasho lake, ambao leo wakiulizwa bibi yao alifanya kazi gani hukohoa kidogo na kusema alikuwa na shughuli za nguo. Hakuwa na shughuli za nguo. Alipiga pasi mashuka ya hoteli kwa miaka mingi, katika chumba kisicho na dirisha, akiwa amesimama, na alipozeeka akaendelea nyumbani kwa nguo za majirani na vitambaa vya kanisa. Alipima joto la pasi kwa kuisogeza karibu na shavu. Jambo moja tu alijisifia maishani, nalo ni kwamba hakuwahi kuunguza nguo ya mtu.

Kanisani aliimba sauti ya pili. Msomaji asiyeimba huenda hajui maana yake. Sauti ya kwanza ndiyo inayobeba wimbo, ile ambayo kila mtu hutoka nayo mlangoni na kwenda nayo nyumbani. Sauti ya pili hukaa chini yake, hupanda kidogo, hushuka kidogo, na ukiisikia peke yake huwezi kujua ni wimbo gani. Mama aliiimba tangu usichana mpaka nyingine zote zikamtoka. Akiosha vyombo, sauti ya pili. Akibembeleza mtoto, sauti ya pili. Wajukuu wake wamekua wakijua nyimbo nusunusu. Wanakwaya walimwita Sauti ya Pili, na jina likamganda hadi sokoni.

Alimzika mume wake akiwa bado kijana. Akawazika mabinti wawili, mmoja kwa homa ya utotoni, mwingine kwenye uzazi. Akabaki na mmoja wa kiume, ndiye mume wangu. Juu ya makaburi hayo yote alisema, "Mungu ni mwaminifu." Najua watu wengi husema hivyo kama wanavyosema hujambo. Yeye aliyasema polepole, kama mtu anayepitisha kidole kwenye pindo kuona kama limenyooka.

Mimi ni mwalimu, na nimestaafu nikiwa mkuu wa shule. Nilipoolewa, watu walihesabu kwamba msomi na mpiga pasi hawatakaa nyumba moja mwaka ukaisha. Walingoja sana, maskini. Mama hakuwahi kuingia jikoni kwangu bila kubisha hodi, nami sikuwahi kumwita kwa jina la utani. Heshima ni kitu cha kila siku, kama kuswaki.

Mume wangu alikuwa karani mchana na mwalimu wa kwaya jioni, na sote tulijua ipi ilikuwa kazi na ipi ilikuwa mshahara. Aliimba sauti ya nne, ile nzito ya wanaume. Alikuwa mkali. Waimbaji wa sauti ya kwanza wakipanda kuliko inavyotakiwa, alikunja uso kama mtu aliyeng'ata jiwe kwenye wali, akainua mkono wa kushoto, na wote wakanyamaza.

Kiharusi kilimpata asubuhi akifunga kamba za viatu. Nilisikia kiatu kikianguka, kisha nikamsikia yeye. Hospitali walimshughulikia vizuri, sina lawama. Alirudi nyumbani akiwa hai, mkono wa kulia umelala kama wa mtu mwingine, na kinywani amebakiwa na neno moja. Neno lenyewe ni "kumbe".

"Unataka chai?"

"Kumbe."

"Mguu unauma?"

"Kumbe, kumbe."

Kibaya zaidi, hakujua. Yeye alijiona anazungumza kama kawaida. Alikutazama machoni, akapandisha na kushusha sauti, akatikisa kichwa pale panapostahili, akamaliza hoja yake na kungoja jibu, na yote yalikuwa kumbe. Siku za mwanzo mgeni mmoja alimpa pole, naye mume wangu akamjibu kwa hotuba ndefu ya kumbe, na yule mgeni akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakicheza. Nilimsindikiza hadi nje kwa adabu zote. Baada ya hapo nilishusha pazia la chumba, na kila aliyebisha hodi aliambiwa mgonjwa amelala. Mume wangu hakuwa kichekesho cha mtaa.

Mama hakubishana nami. Alihamishia meza yake ya pasi kwenye chumba kilichopakana na cha mwanawe, mlango ukiwa wazi, akaendelea na kazi. Asubuhi moja alikuwa ananyoosha kitambaa cheupe cha meza ya Bwana, na kama kawaida yake alikuwa anaimba bila kujua kama anaimba. Wimbo ulikuwa ni ule ambao mume wangu aliutunga mwenyewe kwa ajili ya kwaya yake, wenye maneno haya: jua likizama kwangu, kwako bado ni mchana. Kuna mahali sauti tatu zote hunyamaza na sauti ya nne huingia peke yake. Mama alipofika hapo akanyamaza, kwa mazoea.

Kutoka kitandani sauti nzito ikaingia: "Kwako, kwako, bado ni mchana."

Maneno yote. Hakuna lililokosekana.

Mimi nilikuwa jikoni. Nilifika mbio, nikamkuta Mama amesimama mlangoni mwa chumba mikono mitupu, na nyuma yake moshi unapanda mezani.

"Mama, pasi!"

"Iache iungue! Umesikia? Umemsikia mwanangu?"

"Nimesikia. Mume wangu, sema tena."

Akanitazama kwa furaha. "Kumbe," akasema.

Daktari alitueleza kwamba maneno ya kusema yamekaa upande mmoja wa kichwa, nao ndio ulioumia, na nyimbo zimeegemea upande wa pili. Hakuahidi kitu. Alisema tu, "Mwimbieni. Kila mnachotaka kumwambia, mkiimbe."

"Mimi nimemwimbia tangu tumboni," Mama akamjibu. "Nitachokea wapi?"

Basi nyumba yangu ikawa nyumba ya kuimba. Mama alichukua vipande vya nyimbo ambazo mwanawe alizifundisha, akavivua maneno, akavivika maneno ya nyumbani. Chai ilikuwa na kipande chake, mto ulikuwa na kipande chake. "Je, wataka ma-ji?" Mama huanza, so, mi, re, do, na baada ya kitambo sauti nzito humjibu, "Nataka ma-ji." Haja ndogo nayo ilikuwa na wimbo wake, nami sitataja ni upi maana bado unaimbwa ibadani na watu wenye heshima zao.

Tatizo lilikuwa kwamba mama anaimba sauti ya pili na mwana anaimba sauti ya nne. Wimbo wenyewe haukuwepo. Jirani yetu fundi viatu, ambaye kibanda chake kimeegemea ukuta wetu, hakuweza kuvumilia.

"Bibi!" alipaza sauti siku moja. "Huo wimbo una mabega na miguu. Kichwa kiko wapi?"

"Kichwa kiko mbinguni. Wewe shona viatu."

"Nitashonaje na nyundo imeanza kufuata mapigo yenu? Jana nimempigilia mteja soli ya kushoto kwenye kiatu cha kulia!"

"Umwambie atembee kinyumenyume, atafika tu."

Nilimsikia mume wangu akicheka kitandani. Kicheko kilikuwa kizima, hakikuguswa na ugonjwa.

Na mchana mmoja, nikiwa nimeketi kwenye ukingo wa kitanda namkata kucha, bila mtu kumwanzishia, alivuta pumzi akaimba taratibu: "Mke wangu, u-me-cho-ka." Nilimaliza kumkata kucha. Kisha nilikwenda bafuni, nikafungua bomba maji yamwagike, nikakaa humo mpaka nikawa na uso wa kutokea nao.

Hapo ndipo tulipokosea, na kosa letu lilitokana na furaha. Tuliona Mungu ameanza na atamaliza. Mama hasa. Aliniambia anataka mwanawe asimame mbele ya kanisa, aseme mwenyewe asante. Mimi sikutaka. Nilisema mgonjwa si maonyesho, tungoje apone, jina la mtu halianikwi kama nguo. Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, niliposimama pale nimeshika majeneza, hakuna aliyeniambia ningoje." Tena mume wangu mwenyewe, alipoimbiwa kama anataka kwenda, alijibu, "Na-ta-ka," na macho yakang'aa.

Mama akamtungia mstari mmoja: Nashukuru, Bwana, umenirudishia kinywa. Waliufanyia mazoezi mpaka fundi viatu akaujua. Alihitaji tu kuanzishiwa noti ya kwanza sikioni, kwa sauti ndogo, mahali patulivu.

Jumapili hiyo nilimvalisha suti ya kijivu na tai. Tulimtembeza hadi mbele, Mama upande mmoja na mimi upande mwingine, na mchungaji akamsogezea kipaza sauti. Kanisa lilitulia. Mama akamwegemea sikioni, akampa noti. Nilimwona akivuta pumzi.

Sasa wanakwaya wake, kwa kumpenda, walikuwa wamepanga kumshangaza. Mpiga kinanda akabonyeza, na kwaya nzima ikasimama na kuanza wimbo wake, ule wa jua likizama, sauti zote nne kwa nguvu. Na sauti ya kwanza, kwa furaha, wakapanda kuliko inavyotakiwa.

Mtu yeyote ambaye hajaishi na mwalimu wa kwaya angedhani huo ni upendo tu. Mume wangu alisahau mstari wake, akasahau asante, akasahau kwamba ni mgonjwa. Uso ukakunjamana. Mkono wa kushoto ukapanda. Kwaya ikanyamaza papo hapo, kama zamani, naye akawageukia kuwakemea kama alivyowakemea miaka yote, na kipaza sauti kiko mbele ya mdomo wake.

"Kumbe!" ikatoka kwenye spika zote za kanisa. "Kumbe, kumbe! Kumbe!"

Ilimrudia kutoka ukutani. Alikuwa hajawahi kujisikia. Alinyamaza, akatazama spika, kisha akamtazama mama yake. Akasema tena polepole, akisikiliza, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba asiyoijua: "Kumbe?"

Mtoto mmoja akacheka. Mama yake akamfinya, lakini kicheko kikawa kimeshatoka. Na mtu wa nyuma, kwa nia njema kabisa, akapaza sauti, "Kumbe Mungu yupo!" na kanisa likaitikia, "Amina!" wakapiga makofi na vigelegele, wakidhani huo ndio ushuhuda wenyewe.

Mume wangu alikuwa anaelewa kila kitu. Watu husahau hilo. Kinywa kilikuwa kimeharibika, akili haikuharibika. Aliwatazama watu waliokuwa wanampigia makofi, na nikamwona akirudi nyuma katika kumbukumbu zake, mgeni kwa mgeni, hotuba kwa hotuba, akihesabu kila alichokuwa amekisema. Kisha akafunga mdomo. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: aliufunga kama mtu anavyofunga duka.

Tangu siku hiyo hakusema wala kuimba. Mama alimwimbia asubuhi, akamwimbia chai, akamwimbia mto. Mwanawe alibana midomo mpaka ikawa myeupe, na tulipozidi kumbembeleza aligeukia ukuta. Wanakwaya walikuja kuomba radhi wakilia, mpiga kinanda akapiga magoti kabisa. Mume wangu alimpigapiga begani kwa mkono ule mzima. Hakuwa na kinyongo. Ila kinywa hakikufunguka.

Miezi ikaenda. Fundi viatu akaacha utani. Mchana mmoja alimwita Mama dirishani, akamwambia, "Bibi, hata bila kichwa ule wimbo ulikuwa unanisaidia kazi," akarudi kwenye nyundo yake.

Siku moja nilimkuta Mama uani, anaanika. Alikuwa ameshika shuka lenye maji kifuani, linamtiririkia miguuni, na anazungumza. Nilidhani ananiambia mimi.

"Ungemwacha na kumbe yake asiyoijua," alikuwa anasema. "Alikuwa na amani. Nani alikuomba umfungulie masikio? Mimi nilikuomba kinywa. Nimekupa watatu sikukuuliza kitu. Huyu mmoja umenionjesha, halafu ukanipokonya mbele za watu, wakacheka. Hivyo ndivyo unavyofanya? Na wewe una mtoto!"

Nilitaka kurudi ndani kimya kimya, lakini aliniona. Akapangusa uso kwa shuka lile lile, akalitundika, akalinyoosha pembe zote mbili zikalingana, akachukua ndoo tupu na kuelekea chumbani kwa mwanawe. Mara nikasikia sauti ya pili imeanza.

Alipotoka nilimuuliza, "Mama, umetoka kumgombeza Mungu sasa hivi, halafu unakwenda kumwimbia?"

"Nimemgombeza, sijamwacha. Wewe ulipogombana na mumeo ulikuwa unahama?"

"Nilihama mara moja."

"Ukarudi na sanduku lako lile lile. Nilikufungulia mlango mimi."

"Na bado unasema ni mwaminifu?"

Alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu haraka ili aonekane ana imani.

"Nasema," akajibu. "Neno hilo linanikwaruza koo siku hizi. Lakini nikiliacha, mwanangu, nitabaki na nini cha kusema? Nitakuwa kama yeye."

Akaketi kwenye kizingiti, akalia sana, mdomo wazi, bila kujificha, nami nikaketi karibu naye. Mtu akipita na kutuona, ni shauri lake.

Mume wangu alikufa mchana, jua likiwa kali. Nilikuwa nabadilisha foronya. Mama alikuwa kwenye kiti chake kando ya kitanda, anaimba ule wimbo, sauti ya pili peke yake, huku ameshika mkono ule uliolala, kwa sababu alisema ule mzima una watu wengi wa kuushika. Mume wangu alikuwa anamtazama. Mama alifika mahali ambapo sauti zote hunyamaza ili sauti ya nne iingie, akanyamaza, akangoja. Kila siku alikuwa anangoja hapo, kisha anaendelea.

Nilitazama kifua cha mume wangu. Nikamtazama tena usoni.

"Mama," nikasema.

"Ngoja. Ni zamu yake."

"Mama."

"Mwache avute pumzi."

Nilimwacha angoje. Sikuwa na haraka ya kumfikisha mama huyu mahali alipokuwa anakwenda. Baadaye akainama, akaweka shavu karibu na mdomo wa mwanawe, kama alivyozoea kupima joto la pasi. Alikaa hivyo muda mrefu.

Siku ya mazishi kanisa lilijaa hadi nje. Nilivaa nguo nyeusi iliyonyooshwa na mama mkwe kwa mikono yake, nikakaa mstari wa mbele na kichwa juu, kwa sababu mjane wa mtu kama yule hakai amejikunyata. Mchungaji alihubiri vizuri. Akafika mahali akashusha sauti, akasema amesikia kutoka kwa majirani kwamba saa ile ya mwisho nyumba yetu ilisikika ikiimba. "Ndugu zangu, mwalimu wetu aliyenyamaza, Bwana alimfungua kinywa saa ya kufa! Ameingia mbinguni anaimba! Nani atasema Mungu si mwaminifu?"

Kanisa zima likalia kwa raha ya kusikia hivyo. Wanakwaya walikumbatiana. Mpiga kinanda alilaza kichwa juu ya kinanda chake, nikaona mzigo unamtoka mgongoni. Yalikuwa maneno mazuri, na familia yetu ingeishi nayo vizuri. Wajukuu wangeyasimulia.

Nikasikia benchi likilia kando yangu. Mama alikuwa anainuka, ameshika mgongo wa benchi.

"Mchungaji, samahani."

"Mama, kaa, mama. Pole, mama yetu. Kaa tu."

"Hakuimba."

Mchungaji akatazama karatasi zake, kana kwamba humo mna la kusema.

"Mimi ndiye niliyekuwa naimba," Mama akasema. Hakuhitaji kipaza sauti. "Majirani walinisikia mimi. Yeye alinyamaza tangu siku ile hapa mbele, na amekufa amenyamaza. Nilimngojea. Hakuimba." Akawageukia watu. "Msiseme Mungu ni mwaminifu kwa sababu mwanangu aliimba. Hakuimba. Mseme ni mwaminifu hivyo hivyo."

Hakuna aliyeitikia amina, na nawashukuru kwa hilo. Mpiga kinanda alikuwa ameinua kichwa na anamtazama Mama, machozi yanashuka, na Mama akamwitikia kwa kichwa, mara moja, kama unavyomwitikia mtu ambaye ni wa nyumbani. Kisha akaketi kwa kishindo. Mkono wake ukatafuta wangu chini ya kanga. Nikakishika kiganja kile kigumu.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "nimewaaibisha?"

Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimelegea upande mmoja. Nilikifungua, nikakifunga upya mbele ya watu wote, bila haraka, nikaingiza ncha zake ndani.

"Kaa wima, Mama," nikamwambia. "Watu wanatutazama."